Enter Shikari: Roki, Mashine na Umati wa Watu

Posti-hadikoo ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Marekani katika miaka ya 1980 kutoka kwenye hadikoo, ambayo nayo ni aina ya punki iliyojulikana kwa kasi kubwa, nyimbo za dakika moja au mbili, uimbaji wa kupaza sauti hadi koo likakaribia kupasuka, na msimamo mkali wa kutotegemea makampuni makubwa ya biashara ya muziki. Vikundi kama Black Flag cha California na Minor Threat cha jijini Washington ndivyo vilivyoipa hadikoo sura yake ya awali, lakini haukupita muda mrefu kabla ya baadhi ya wanamuziki wale wale kuhisi kwamba kasi na ghadhabu peke yake havikutosha kubeba kila walichotaka kusema. Fugazi, iliyoundwa Washington katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na kuongozwa na aliyekuwa mwimbaji wa Minor Threat, Ian MacKaye, pamoja na Guy Picciotto, ilionyesha kwamba muziki huo ungeweza kupunguza mwendo, kunyamaza kwa ghafla, kubadili mapigo katikati ya wimbo na bado ukabaki na makali yake. Mwaka 1998 kikundi cha Refused kutoka mji wa Umeå, Sweden, kilikwenda hatua nyingine kwa kuingiza vipande vya muziki wa kielektroniki na jazi katika albamu yake The Shape of Punk to Come, na tangu hapo swali la iwapo gitaa lililochachamaa na mashine za kutengenezea sauti vinaweza kuishi pamoja halikufungwa tena.

Jibu lililodumu kuliko mengine lilitoka Uingereza, nchi ambayo tayari ilikuwa na historia yake nzito ya muziki wa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Kiingereza walianza kukusanyika kwa maelfu katika maghala yaliyoachwa na mashamba ya pembezoni mwa miji, hasa yale yaliyofikika kwa barabara ya M25 inayoizunguka London, ili kucheza usiku kucha muziki uliotengenezwa kwa sinthesaiza, yaani vyombo vinavyounda sauti kwa umeme bila kutumia nyuzi, ngozi wala pumzi. Mikusanyiko hiyo, iliyoitwa reivu, iliwatia hofu watawala kiasi kwamba sheria ya mwaka 1994 iliwapa polisi mamlaka ya kutawanya watu 100 au zaidi waliokutana nje usiku kusikiliza muziki wenye mfululizo wa mapigo yanayojirudia, jambo ambalo ni nadra katika historia ya sheria za Ulaya, kwamba bunge lijishughulishe kueleza mdundo wa muziki ili lipate kuudhibiti. Mwaka huohuo kikundi cha The Prodigy kutoka Essex kilitoa albamu iliyobeba hasira ya kizazi hicho, na baada ya miaka michache kikawa kinawatikisa mashabiki wa roki kwa vyombo ambavyo wengi wao walikuwa wamevidharau.

Enter Shikari ni zao la njia panda hiyo. Kikundi hiki kilitokea St Albans, mji wa kale wenye magofu ya Kirumi katika mkoa wa Hertfordshire, kaskazini mwa London na jirani kabisa na barabara ile ya M25. Mwaka 1999 vijana watatu, Rou Reynolds aliyepiga gitaa, Chris Batten aliyepiga gitaa la besi, na Rob Rolfe aliyepiga ngoma, walianzisha kikundi kilichoitwa Hybryd, na mwaka 2003 alipojiunga nao mpiga gitaa Rory Clewlow wakabadili jina. Ujio wa Clewlow ulikuwa na matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa kwa kawaida, kwa sababu ulimwezesha Reynolds kuliweka gitaa chini na kushika kazi mbili ambazo zingekitambulisha kikundi tangu siku hiyo, yaani uimbaji na uendeshaji wa mashine za kielektroniki jukwaani. Wanne hao ndio walewale hadi leo, hakuna aliyeondoka wala aliyeongezwa, na katika fani ambayo vikundi huvunjika kwa ugomvi wa fedha au sifa kabla ya albamu ya tatu, udumifu huo unastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yao ya sanaa.

Ili kuelewa upya walioleta, ni lazima kutazama jinsi wimbo wa kila upande unavyojengwa. Katika hadikoo na metali kuna sehemu mashuhuri inayoweza kuitwa mvunjiko, ambapo kasi ya wimbo hushuka ghafla, magitaa yote hupiga mapigo machache mazito kwa pamoja, na wasikilizaji waliosongamana mbele ya jukwaa huachia miili yao. Katika muziki wa dansi wa kielektroniki kuna sehemu inayofanana nayo kwa kazi ingawa haifanani nayo kwa sauti, nayo ni mporomoko: sauti hupandishwa hatua kwa hatua, mapigo huzidi kukaribiana, besi huondolewa kabisa ili sikio libaki na kiu, kisha kila kitu hurudi kwa mpigo mmoja na ukumbi mzima huruka. Enter Shikari walitambua kwamba mvunjiko na mporomoko ni jambo moja lililovaa nguo mbili, kwa kuwa kila kimoja hukusanya shauku ya watu wengi na kuifungua kwa wakati mmoja, na kwa hiyo badala ya kubandika mlio wa sinthesaiza juu ya wimbo wa roki uliokwisha kamilika, kama walivyofanya wengi walioiga mtindo huo baadaye, waliuacha wimbo ujengwe na mantiki zote mbili tangu msingi. Mpito wa sinthesaiza huandaa mvunjiko wa gitaa, na mvunjiko wa gitaa nao huweza kujibiwa na mporomoko wa dansi, hivi kwamba msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya upande mmoja hujikuta amebebwa hadi upande wa pili kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Aina za muziki wa mashine walizochota nazo zilibadilika kadiri miaka ilivyopita, na mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa kama ramani ya usiku wa Kiingereza. Albamu ya kwanza ilielemea transi, muziki wa milio mirefu inayong'aa na mapigo yapatayo 130 hadi 140 kwa dakika. Baadaye iliingia dabstepu, iliyozaliwa kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye mapigo 140 kwa dakika lakini inayosikika kama inatembea taratibu kwa sababu ngoma zake zimeachana sana na besi yake hutetemeka hadi kifuani. Dramu na besi, muziki wa mapigo yapatayo 170 kwa dakika uliorithi mengi kutoka kwa utamaduni wa spika kubwa wa wahamiaji wa Jamaika, haukuwatoka kamwe, na kwa ajili yake walianzisha kikundi pacha kiitwacho Shikari Sound System ambacho hupiga nyimbo zao zikiwa zimegeuzwa kuwa za dansi tupu.

Kabla ya albamu yoyote kulikuwa na barabara. Kuanzia 2003 hadi 2006 vijana hao walipiga mamia ya maonyesho katika baa, vyumba vya chini ya ardhi na klabu za vijana kama ile ya Pioneer mjini kwao St Albans, wakibeba vyombo vyao wenyewe na kuuza rekodi fupi walizozigharamia, huku nyimbo zao zikisambazwa na mashabiki kupitia intaneti ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuchukua nafasi ya redio. Novemba 2006 waliuza tiketi zote za Astoria, ukumbi wa London uliochukua watu wapatao 2,000, wakiwa hawana mkataba na kampuni yoyote ya kurekodi, na kabla yao ni kikundi kimoja tu, The Darkness, kilichokuwa kimeweza kufanya hivyo katika hali hiyo. Makampuni yalikuja mbio baada ya hapo, kama ilivyotarajiwa, lakini kikundi kikaamua kutoa kazi yake nchini Uingereza kupitia lebo yake chenyewe iliyoitwa Ambush Reality.

Uamuzi huo unahitaji maelezo kwa msomaji asiyeifahamu biashara ya muziki. Kwa kawaida kampuni ya kurekodi humpa msanii fedha za awali, hulipia studio na matangazo, na kwa malipo ya hatari hiyo huchukua umiliki wa rekodi pamoja na sehemu kubwa ya mapato, na mara nyingi hupata pia sauti katika kuamua wimbo upi utoke na usikike vipi. Anayemiliki lebo yake hubeba hatari yote, lakini hakuna anayeweza kumwambia aondoe kelele ili apigwe redioni au aondoe siasa ili auze. Albamu yao ya kwanza, Take to the Skies, ilitoka Machi 2007 na kufika nafasi ya 4 katika chati ya albamu ya Uingereza, mafanikio ambayo kwa kazi yenye makelele kiasi hicho, iliyotolewa na lebo ya wanakikundi wenyewe, yaliwashangaza watu waliodhani kwamba mlango wa chati ulikuwa na funguo mikononi mwa wachache. Baadaye walishirikiana na wasambazaji wakubwa zaidi, ndani na nje ya nchi, lakini jina la Ambush Reality liliendelea kubaki juu ya kazi zao.

Uhuru ule ulitumika kwanza kwa ajili ya siasa. Common Dreads, iliyotoka Juni 2009 chini ya mtayarishaji Andy Gray, iliandikwa benki zilipokuwa zikianguka na serikali zikizinusuru kwa fedha za umma, na wimbo wake Juggernauts unashambulia nguvu ya mashirika makubwa yanayomeza biashara ndogo na maisha ya jamii zilizokuwa zikizizunguka. Albamu hiyo ilishuka hadi nafasi ya 16, na wapo waliosema wakati huo kwamba kikundi kimepotea njia, lakini ukiisikiliza leo unaona kwamba hapo ndipo Reynolds alipoacha kuandika maneno ya kujaza melodia na kuanza kuandika kwa sababu ana jambo. A Flash Flood of Colour, iliyorekodiwa Thailand na mtayarishaji Dan Weller na kutolewa Januari 2012, ilirudi nafasi ya 4 ikiwa na makali mapya. Wimbo wake Arguing with Thermometers unahusu mkasa wa Aktiki, ambako barafu inayeyuka kwa sababu ya joto linalotokana na kuchoma mafuta, na mashirika, badala ya kushtuka, yanaona bahari iliyofunguka kuwa nafasi ya kuchimba mafuta zaidi. Ni vigumu kufikiria hoja ngumu kama hiyo ikiimbwa na maelfu ya vijana wanaoruka, lakini ndivyo ilivyo, na nguvu yake inatokana na ukweli kwamba upuuzi wa jambo lenyewe unaendana na muziki unaobadilika ghafla kana kwamba umerukwa na akili.

Lazima isemwe kwamba si kila mara uwiano huo wa hoja na muziki ulipatikana. Ziko nyimbo za kipindi hicho ambamo maneno yanaelekea kuwa hotuba, ambamo mwimbaji anaeleza badala ya kuimba na msikilizaji anatarajiwa kukubali kabla hajaguswa. The Mindsweep ya Januari 2015, iliyofika nafasi ya 6, inaonyesha kikundi kikijifunza kutokana na udhaifu huo. Wimbo wake Anaesthetist unatetea huduma ya afya ya umma ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1948 ili kila mkazi atibiwe bila kulipa anapofika hospitalini, na unawalaumu wanaotaka kuigeuza kuwa soko, hoja iliyokuwa moto baada ya sheria ya mwaka 2012 kufungua zaidi milango kwa makampuni binafsi. Safari hii hoja imewekwa ndani ya picha moja ya mgonjwa na daktari wa nusukaputi, na sauti ya wimbo ndiyo inayotoa hukumu. Karibu na mwisho wa albamu hiyohiyo upo wimbo wa taratibu wa kinanda uitwao Dear Future Historians, ambao hauna siasa wala mashine nyingi, na ambao ulionyesha mapema mahali Reynolds alipokuwa akielekea. Baadaye mwaka huo albamu nzima ilikabidhiwa kwa watayarishaji wa lebo ya Hospital Records, nyumba mashuhuri ya dramu na besi, walioifumua na kuishona upya, heshima ambayo vikundi vya roki hupewa kwa nadra na watu wa muziki wa dansi.

Mwaka huo wa 2015 ulikuwa pia mwaka ambao Reynolds aliugua wasiwasi mkubwa uliomfanya ashindwe kuendelea kama zamani, jambo alilolizungumza hadharani na kwa uwazi. The Spark, iliyotoka Septemba 2017 na kutayarishwa na David Kosten, ilitokana na hali hiyo. Ni albamu yenye melodia zaidi, makelele machache na sinthesaiza zilizopewa nafasi ya kupumua, na baadhi ya mashabiki wa zamani waliiona kuwa usaliti. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Wimbo uitwao Airfield, unaoanza na sauti moja na kinanda na kupanda polepole hadi kuwa kilio cha watu wengi, una ujasiri kuliko mvunjiko wowote wa albamu ya kwanza, kwa kuwa kupaza sauti ni rahisi kuliko kusimama mbele ya watu 10,000 na kuimba kwamba umechoka. Siasa haikutoweka, kwa maana kura ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya inasikika ndani ya wimbo Take My Country Back, lakini sasa mgawanyiko wa nchi na mgawanyiko wa nafsi ya mtu mmoja vinatazamwa kwa jicho lilelile.

Albamu iliyofuata, Nothing Is True & Everything Is Possible, ndiyo ya kwanza ambayo Reynolds aliitayarisha mwenyewe, na ndani yake mna kipande kisicho na maneno kiitwacho Elegy for Extinction, kilichopigwa na okestra ya jijini Prague kwa msaada wa mtunzi wa muziki wa filamu George Fenton. Kipande hicho husimulia kuzaliwa kwa uhai, kuchanua kwake na kutoweka kwake kwa sauti za vyombo vya okestra. Albamu ilitoka tarehe 17 Aprili 2020 na kufika nafasi ya 2, lakini nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona tangu mwezi uliotangulia, na hapakuwa na jukwaa hata moja la kuipigia.

Kilichofuata kinaeleza zaidi kuliko kitu kingine chochote kikundi hiki ni kitu gani. Reynolds, mtu aliyekuwa ameandika bila kukoma tangu utotoni, hakuweza kuandika wimbo kwa karibu miaka miwili, na mwenyewe alieleza kwamba bila watu mbele yake muziki ulikuwa umekosa sababu. Kwa msanii anayefanya kazi na mashine, ambaye kwa nadharia angeweza kutengeneza albamu nzima chumbani peke yake, maelezo hayo yana uzito wa pekee. Juni 2021 serikali iliruhusu tamasha la majaribio huko Donington, lililohudhuriwa na watu 10,000 waliopimwa korona kabla ya kuingia, ili kuchunguza iwapo mikusanyiko mikubwa ingeweza kurudi kwa usalama, na Enter Shikari walikuwa miongoni mwa vinara wake watatu. Baada ya hapo nyimbo zilirudi. Zilirekodiwa katika nyumba kuukuu ya shambani karibu na Chichester, kusini mwa Uingereza, kwa umeme wa jua, na zilipotolewa Aprili 2023 kwa jina A Kiss for the Whole World, ambalo lina mwangwi wa utenzi wa Schiller uliotiwa muziki na Beethoven, ziliingia moja kwa moja nafasi ya 1. Ilikuwa albamu yao ya saba, miaka 16 baada ya ile ya kwanza, na furaha iliyomo ndani yake si ya watu wasiojua hali ya dunia, bali ya watu walionyimwa kitu muhimu kisha wakarudishiwa.

Umuhimu wa umati katika kazi yao unaonekana hata katika mambo ya kiufundi. Katika baadhi ya ziara zao za kumbi kubwa waliweka spika pande zote nne za ukumbi badala ya mbele tu, ili sauti ya sinthesaiza iweze kuzunguka juu ya vichwa vya watu na aliyesimama nyuma kabisa asiwe mtazamaji wa mbali. Makofi yaliyomo katika Sorry You're Not a Winner, wimbo wa siku zao za awali, yameachiwa nafasi ndani ya mdundo ili hadhira iyajaze, na bila hadhira hiyo wimbo una tundu.

Hadhira hiyo, hata hivyo, haitokei hewani, na kumbi ndogo zinazoilea zimekuwa zikifa. Music Venue Trust, asasi ya Kiingereza inayotetea kumbi hizo, ilihesabu kwamba mwaka 2023 pekee kumbi 125 zilifungwa au ziliacha kupiga muziki wa jukwaani, kwa sababu ya kupanda kwa kodi za pango na bei za umeme na kwa sababu sehemu kubwa ya faida ya biashara imehamia viwanjani na katika kumbi kubwa. Enter Shikari walitangaza kwamba katika ziara yao ya kumbi kubwa ya Februari 2024, pauni 1 kutoka katika kila tiketi ingekwenda kwa asasi hiyo, bila kusubiri sheria wala makubaliano ya wenye kumbi. Mei mwaka huo kamati ya bunge inayoshughulikia utamaduni ilipendekeza tozo ya namna hiyo ikubaliwe na sekta nzima kwa hiari, Novemba serikali ikaunga mkono wazo hilo, na Coldplay nao wakaahidi kutoa asilimia 10 ya mapato yao kutokana na maonyesho ya Uingereza ya mwaka 2025. Ukumbi wa watu 10,000 ukijaa kwa usiku mmoja, pauni 1 ya kila tiketi ni pauni 10,000, fedha ambayo ni tone kwa mwenye uwanja lakini inayoweza kuamua iwapo baa yenye jukwaa la mbao na spika mbili itafika mwaka ujao.